Damu Ile ni ya Nani? Kuhusu Filamu ya Blade II

Yawezekana baadhi ya wasomaji wetu watashangaa kuona kurasa za jarida la chuo cha theolojia zikitolewa kwa filamu ya mapanga, risasi na wanyonya damu. Mshangao huo twauelewa. Lakini mchungaji aliyewahi kuhudumu Ifakara, Mlimba au Malinyi hahitaji kuelezwa kwamba habari za wanyonya damu si maigizo matupu. Katika bonde la Kilombero, kama katika sehemu nyingine za mkoa wa Morogoro, neno mumiani halikuletwa na watengenezaji wa filamu wa Marekani. Lilikuwapo kabla yao. Kwa hiyo filamu ya namna hii inapotazamwa na vijana wa usharika, inawakuta tayari wana habari zao wenyewe juu ya jambo lile lile, na ni vema mchungaji ajue ni nini kimeongezwa juu ya habari hizo na ni nini kimepotoshwa.

Blade II ilitoka mwaka 2002. Iliongozwa na Guillermo del Toro, mzaliwa wa Mexico, na kuandikwa na David S. Goyer. Wesley Snipes ndiye mwigizaji mkuu. Ni ya pili kati ya filamu tatu: ya kwanza, ya mwaka 1998, iliongozwa na Stephen Norrington, na ya tatu, ya mwaka 2004, iliongozwa na Goyer mwenyewe. Kwa maoni yetu hii ya pili ndiyo bora kuliko zote, na ubora wake hauko katika mapigano, ingawa mengi ya mapigano hayo yamepangwa kwa ustadi. Ubora wake ni kwamba inauliza swali ambalo hadithi za wanyonya damu za Ulaya hazikuwa na mazoea ya kuuliza: damu ikichukuliwa, huchukuliwa na nani, kwa kazi gani, na aliyetolewa ni nani? Upungufu wake, ambao tutaufikia, ni kwamba inalisahau swali hilo pale hasa lilipotakiwa kujibiwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Blade ni mtu ambaye mama yake aliumwa na mnyonya damu akiwa mjamzito. Amezaliwa na nguvu za wanyonya damu na kiu yao, lakini mwanga wa jua haumdhuru, na kiu yake huituliza kwa dawa. Maisha yake yote huwawinda wale walio nusu ya damu yake. Katika filamu hii ya pili wanyonya damu wenyewe wanamwendea kuomba msaada, kwa sababu kumezuka kizazi kipya, Wavunaji, ambao huwala wanadamu na wanyonya damu bila kubagua, na kila aliyeumwa nao hugeuka kuwa mmoja wao. Wa kwanza wao ni Jared Nomak, anayeigizwa na Luke Goss. Blade anapewa kikosi ambacho kilikuwa kimefundishwa kwa ajili ya kumwua yeye, na pamoja nacho anaingia katika mahandaki ya mji wa Prague.

Tazama jinsi filamu inavyofunguka. Hatuonyeshwi kaburi, jumba la kale wala popo. Tunaonyeshwa benki ya damu. Kijana aliyechakaa, mwenye kovu kidevuni, amekuja mahali ambapo watu hutoa damu. Anapokelewa na watumishi waliovaa kitabibu, anaambiwa kwamba damu yake ni ya namna ya pekee, kisha milango inafungwa. Watumishi wale ni wanyonya damu. Kwamba kijana mwenyewe ni wa kutisha kuliko wao ni jambo la dakika moja baadaye. Mwongozaji alitaka kwanza tuone mahali. Anajua kwamba chumba cheupe chenye taa kali na fomu ya kujaza hutisha kuliko pango.

Hapo ndipo msikilizaji wa Kilombero anapojikuta nyumbani. Mnyonya damu wa hadithi za Ulaya ni maiti inayotembea. Huuma kwa meno yake mwenyewe, kwa njaa yake mwenyewe. Mumiani wetu si hivyo. Neno lenyewe lilitoka Uajemi, na lilikuwa jina la dawa nyeusi iliyouzwa katika pwani yetu, ambayo watu walianza kuamini kwamba hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Mumiani wa masimulizi ni mtu hai, mwenye ajira. Hanywi damu, huichukua kwa vyombo, huisafirisha kwa gari, huiuza au humpelekea mkubwa wake. Wakati wa ukoloni watu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliwahofia wazimamoto kwa sababu hiyo. Peter Pels ameandika juu ya habari hizi kwa Waluguru, majirani zetu, na Luise White katika kitabu chake cha mwaka 2000 amekusanya masimulizi ya namna hiyo kutoka Afrika Mashariki na Kati. White hakujishughulisha kuthibitisha kwamba masimulizi hayo ni kweli au uongo. Alitaka kusikia yanasema nini juu ya kazi, mishahara, matabibu na serikali. Wachungaji tungefaidika kwa kumwiga kidogo katika hilo kabla ya kukemea.

Blade II, pengine bila mwongozaji kujua, ni filamu ambamo mnyonya damu wa Ulaya anamsogelea mumiani. Filamu ya kwanza ilitegemea unabii wa kale na mungu wa damu. Hii ya pili ina mwanasheria, kampuni, maabara na utafiti wa vizazi vya viumbe. Damaskinos, mzee wa wanyonya damu, anataka kuunda uzao usio na udhaifu, na Wavunaji ni matokeo ya majaribio yake. Ugonjwa ule ulitengenezwa, haukuzuka wenyewe. Wakubwa waliokuja kuomba msaada kwa sauti ya unyenyekevu ndio waliouanzisha.

Ifakara ina historia ambayo haituruhusu kupita hapo haraka. Mwaka 1957, kwa juhudi za Profesa Rudolf Geigy, Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Basel, Uswisi, ilifungua maabara katika mji ule. Maabara hiyo ilikua, ikabadilishwa jina na uongozi, na tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, chombo cha Kitanzania chenye heshima duniani. Kwa miongo mingi watu wa bonde wametoboa vidole vyao ili tone la damu litandazwe juu ya kioo. Katika kijiji cha Idete chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kinga ya takriban asilimia 31, na jaribio la baadaye kwa watoto wachanga halikuonyesha kinga. Chanjo ile iliachwa. Vyandarua vyenye dawa, vilivyosambazwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia mwaka 1997, vilifanya kazi kubwa zaidi: watoto waliovitumia walionekana kuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 27. Mnyonya damu wa kweli wa bonde lile, anayeingia usiku bila kubisha hodi, ni mbu, na habari zake tunazijua kwa sababu watu walikubali kutoa damu yao ichunguzwe.

Twasema haya ili isidhaniwe kwamba tunalinganisha maabara ya Ifakara na maabara ya Damaskinos. Tofauti ni kubwa, na mchungaji hana budi kuisema mimbarani kwa sauti. Hata hivyo swali la mama aliyembeba mtoto wake akatobolewa kidole, “damu hii inakwenda wapi?”, ni swali halali. Mama huyo anapaswa kujibiwa kwa lugha anayoielewa, na afadhali ajibiwe kabla ya kuuliza. Aliyemwita mjinga hajamjibu. Sehemu ya kwanza ya Blade II inalichukua swali hilo kwa uzito, na hiyo ni sifa yake ya kwanza.

Sifa ya pili ni habari ya baba na watoto wake, na hapa filamu inapanda juu kuliko tulivyotarajia kwa kazi ya aina yake. Nomak ni mtoto wa Damaskinos. Alizaliwa katika jaribio, akaonekana ana kasoro, akatupwa. Kiu yake haimpi nafasi: asipokula kwa muda mfupi, mwili wake huanza kujila wenyewe. Mwongozaji amemfanya atishe, kidevu kikipasuka kama ua la nyama, lakini pia amempa macho ya mtoto aliyekataliwa. Anachotafuta katika mahandaki yote yale ni baba yake. Na binti, Nyssa, aliyechezwa na Leonor Varela, ametumwa vitani na baba huyo huyo bila kuambiwa kwamba adui anayewindwa ni ndugu yake. Alipoijua kweli, anaifunga milango, na baba anabaki ndani pamoja na mwana aliyemtupa.

Mwanafunzi wa Agano la Kale atakumbuka Mlima Moria, na atakumbuka pia kwamba pale mkono ulizuiwa. Damaskinos hazuiwi na mtu. Yuko tayari kuwatoa watoto wake wote ili yeye mwenyewe asife. Paulo katika Warumi 8:32 anasema juu ya Baba ambaye hakumwachilia Mwana. Msomaji wa haraka angeweza kudhani baba hawa wawili wanafanana, kwa kuwa wote wawili wamemtoa mwana. Tumewahi kusikia mahubiri ya Ijumaa Kuu ambayo, kwa kukosa uangalifu, yalimweka Mungu katika kiti cha Damaskinos: Baba mwenye kiu ya damu ambaye hatulii mpaka anywe ya mtoto wake. Filamu hii yaweza kumsaidia mhubiri kwa kumwonyesha sura kamili ya kosa hilo. Damaskinos hujilinda kwa damu ya wengine. Katika Chakula cha Bwana mwenye nyumba ndiye anayetoa damu yake, na wageni ndio wanaokunywa. Mwelekeo ni kinyume kabisa, na mahali ambapo neno “damu” humkumbusha msikilizaji mumiani, mwelekeo huo unapaswa kufundishwa polepole, hasa kwa watoto wa kipaimara. Tusifikiri kwamba nyimbo zetu za Kwaresima zinaeleweka na wote kama tunavyozielewa sisi.

Juu ya Blade mwenyewe hatuna mengi. Wako watakaotaka kumfanya mfano wa fundisho la Luther juu ya mtu aliye mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, kwa kuwa asili mbili zimekutana ndani yake. Tunawasihi wasifanye hivyo. Uovu ulio ndani ya Blade ni ugonjwa, na hutibiwa kwa sindano. Hatubu kitu, na hakuna neno linalomjia kutoka nje yake. Snipes anaigiza kwa mwili wake kuliko kwa sauti yake, na inafaa. Kris Kristofferson, kama mzee Whistler, ndiye anayeleta ubinadamu kidogo katika karakana ile, na ugomvi wake na kijana Scud unafurahisha mpaka inapojulikana kwamba Scud ni msaliti. Kikosi cha wanyonya damu kimechorwa upesi mno. Isipokuwa Reinhardt wa Ron Perlman, wengi wao wanakufa kabla hatujajua majina yao.

Sasa tufike kwenye kosa. Karibu na mwisho, Blade amekamatwa, ameteswa, amekaribia kufa. Whistler anamfungua, naye anaanguka ndani ya bwawa la damu lililo katika makao ya Damaskinos. Anazama. Kisha anainuka mzima, mwenye nguvu kuliko mwanzo, na muziki unatutaka tushangilie. Kwa sura ni ubatizo. Mwongozaji aliyelelewa katika Kanisa Katoliki hakuiweka picha ile kwa bahati. Lakini damu ile ni ya nani? Bwawa halijazwi na mtu mmoja. Filamu iliyoanza katika benki ya damu, ikatufundisha kuwatilia mashaka wenye koti jeupe, sasa inatupa damu ya watu wasiohesabika, wasio na sura wala jina, na inataka tuione kama mafuta ya mtambo wa shujaa wetu. Katika Mwanzo 4:10 damu ya mtu mmoja ilisikika ikilia kutoka ardhini. Katika bwawa la Damaskinos hakuna kinachosikika.

Kosa la pili linatokana na hilo la kwanza. Katika filamu hizi mnyonya damu akipigwa huwa majivu. Hakuna maiti, hakuna mazishi, hakuna mjane. Na hakuna shaka: mtazamaji anajua kwa hakika nani ni nani, kwa sababu ameonyeshwa meno. Upanga hauwezi kukosea.

Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji na miili yao kuchomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba wito wa kuwatangaza ulipita katika kipaza sauti cha kanisa. Mwaka uliofuata, katika wilaya za Mulanje na Phalombe huko Malawi, watu kadhaa waliuawa kwa shutuma za namna hiyo hiyo, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake huko. Hakuna aliyegeuka majivu peke yake. Mvumi moto uliwashwa kwa mikono.

Hatusemi kwamba filamu iliwaua watu wale. Hatuna sababu ya kusema hivyo, na masimulizi ya mumiani ni ya zamani kuliko sinema. Tunachosema ni kwamba hofu ya kijiji na filamu ya Prague zina hesabu moja: kwamba uovu una sura inayotambulika, kwamba kutambua kunatosha, na kwamba baada ya kutambua kilichobaki ni kupiga. Theolojia ya msalaba, ambayo Luther aliitetea Heidelberg mwaka 1518, ilianza kwa kudai kwamba hatumjui Mungu kwa yale yanayong’aa. Tungeongeza kwamba wala mwovu hatumtambui kwa urahisi kwa yale yanayotisha. Gari geni na koti jeupe si meno.

Kuna jambo moja zaidi, la lugha. Katika miaka ya 2000 filamu za namna hii zilifika miji midogo kwa kanda na sahani, zikaonyeshwa katika vibanda vya video, mara nyingi zikiwa na sauti ya mfasiri juu ya sauti za waigizaji. Aliyevuma kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mfasiri wa namna hiyo hakufasiri tu; alieleza, aliongeza, alitania, aliwahamisha wahusika wakawa kama watu wa mtaani kwetu. Kazi ile ina fahari yake, na hatuidharau. Lakini mfasiri akimwita Damaskinos mumiani, kwa neno moja amekwisha kuhamisha makao yake kutoka Prague hadi ukingo wa mto Kilombero, na kijana anayetoka kibandani usiku anatembea katika mji wenye maabara ya kweli. Kiswahili hakina neno jepesi kwa kiumbe huyu. Mhubiri naye analitumia neno lile lile, na wasikilizaji wale wale.

Kwa hiyo twaipendekeza Blade II kwa wanafunzi wa darasa la uchungaji wa kijamii, si kwa vijana wa kipaimara. Ukatili wake ni mwingi mno kwa umri huo. Itazamwe pamoja na mtumishi wa afya ambaye anaweza kueleza damu inayotolewa huenda wapi, iwe katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara au katika hospitali yetu ya Lugala, ambako mgonjwa anayehitaji kuongezewa damu hutegemea ndugu na majirani walio tayari kutoa. Benki ya damu ya filamu na benki ya damu ya Lugala ziwekwe mezani pamoja. Mazungumzo hayatakosekana.

Na wanafunzi wasimamishe filamu katika kifo cha Nyssa, kabla ya kipande kifupi cha London kilichoongezwa mwishoni kwa mzaha. Ameumwa na ndugu yake, na anajua atageuka kuwa kile alichokiwinda. Anaomba aone jua. Blade, ambaye ameua wengi wa kabila lile tangu ujana wake bila kuwatazama usoni, anambeba nje kabla ya mapambazuko na kukaa naye mpaka mwanga unafika. Naye anakuwa majivu kama wengine, lakini mikononi mwa mtu. Katika filamu nzima hicho ni kifo kimoja ambacho kimepewa muda wake, na inafaa wanafunzi waulizwe kwa nini kilikuwa kimoja tu.